Gari Isiyo na Kichwa

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Daftari hili ni la kikundi chetu cha maombi cha akina mama, na mimi ndiye karani. Leo nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma, ili mtu anayesoma mahitaji ya wengine asikutane na yangu. Mungu atanisamehe kwa karatasi.

Mvua ya kwanza imekuja saa nane. Tulikuwa tunapanda maharage upande wa chini, hapa kwetu Rubondo. Mume wangu Byamungu, ambaye namwita Baba Gisèle kwa jina la binti yetu wa kwanza, alisimama ukingoni mwa shamba na viatu safi kama mgeni. Akasema, "Mama Gisèle, nataka tununue gari ya pili."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Tunayo Noah moja nyeupe, na imechoka. Miaka sita imebeba unga wa mashine zetu mbili za kusaga, imebeba kwaya, imebeba wanawake wenye uchungu wa uzazi, imebeba hata maiti. Hapa kambini kwetu wakimbizi mwenye gari hana mlango. Mtu akibisha, unatoka.

"Fuso ama pickup?" nikamuuliza.

Akaangalia mbegu mkononi mwangu. "Hapana. Ya kufurahisha."

"Ya kufurahisha nani?"

"Ya mbio, Mama Gisèle. Ya viti viwili."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye udongo mbichi. Mwanaume wa miaka hamsini na miwili, shemasi, mwenye goti linalomuuma kila kukinyesha! Nikainua macho nicheke naye. Alikuwa hacheki.

Alhamisi, 5 Septemba

Habari imeshatoka kwenye mashine ya kusaga. Kila anayeleta mahindi analeta na ushauri. Fuso. Pickup. Basi dogo la kwenda Mbarara. Clémence, rafiki yangu na mwenyekiti wa kikundi chetu, amenishika mkono bombani: "Mwambie Fuso, dada. Fuso haina haya. Lakini gari ya viti mbili na watoto muko nao wane? Bale bengine batakaa juu ya bati?"

Nimemjibu kwa kicheko. Kicheko changu kilikuwa chembamba.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumekwenda Mbarara, mpaka Ruti, kwenye barabara ya Kabale, kwenye uwanja wa magari wa Asuman. Ni mfanyabiashara Mwislamu, mnene, mpole, ana tasbihi mkononi hata akifungua boneti. Alituweka chini, akaagiza chai ya maziwa, kisha akasema jambo ambalo nimerudi nalo nyumbani kama mwiba:

"Mama, karibu sana. Mzee yako namjua. Amekuja hapa mara ine."

Mara nne! Mimi nilidhani ni ya kwanza.

"Anakujanga tu," Asuman akaendelea, hajui anachofanya. "Anakaa ndani ya ile nyekundu. Hawashi, haulizi. Anakaa tu, halafu anasema asante, anaenda."

Baba Gisèle akanywa chai yake yote kwa mara moja, ya moto.

Magari yalikuwa matatu. La kwanza ni Celica ya rangi ya fedha. Ina viti vya nyuma, lakini ni vya kuwekea mkoba, si mtu. La pili ni Subaru ya buluu, ina milango minne na bawa mgongoni. Asuman aliiwasha, kuku wa jirani wakakimbia. La tatu ni hiyo nyekundu, Mazda ndogo, imelala chini kama kiatu, paa lake ni kitambaa cha kukunja. Viti viwili tu.

"Hii ya buluu ni ya heshima," nikasema. "Hata mgonjwa anaenea."

Baba Gisèle akanigeukia haraka. "Sitaki ya mgonjwa," akasema. Halafu akashusha sauti. "Sitaki, Mama Gisèle."

Nikauliza ile nyekundu itafikaje Rubondo na matope haya, wakati tumbo lake liko hapo kwenye lami. Kumbe hilo nalo lina jibu! Litalala kwa Afande Kamugisha, yule mwanajeshi mstaafu mwenye nyumba pale lami inapoishia. Ameshazungumza naye.

Gari la viti viwili, na linalala kwingine. Mimi nilisoma mpaka la tano tu, lakini hesabu hiyo naijua.

Jumapili, 15 Septemba

Mahubiri yalikuwa ya mwana mpotevu. Sikusikia.

Jumamosi, 21 Septemba

Baba Gisèle ameanza kunifundisha kuendesha Noah. Sikumuomba. Alinipeleka uwanja wa shule ya msingi, akashuka, akazunguka, akaniambia, "Kaa hapa kwangu."

"Nikaue ng'ombe za watu?"

"Mguu mmoja tu ndio unafanya kazi. Kushoto ulale. Hii ni mafuta, hii ni breki. Twende."

Nilikwenda. Niligonga mlingoti wa goli, taratibu, kama kumsalimu mtu. Watoto wakapiga makofi. Yeye hakukasirika hata kidogo, akasema tena, "Rudia. Utaijua njia yote, mpaka Mbarara."

Clémence alikuwa anapita na kuni. Jioni akaja. "Dada, mi nakupenda, ndiyo sababu nasema. Mwanaume akikufundisha kazi yake, anafunga mizigo."

Nimemkatalia. Kisha nimekaa jikoni, nikamwamini.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua. Maharage yametoa jani la tatu. Somo la sita la gari. Sasa naweza kurudi nyuma.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na sijui kama ni sala au ni mashtaka.

Kwenye kikundi chetu kila mama anasimama anataja hitaji lake, na mimi naandika. Miguu. Mtoto aliyefeli. Kesi ya kuhamishiwa nchi nyingine. Zamu yangu ilipofika nilikusudia kusema "mavuno". Mdomo ukasema kingine.

"Mumuombee bwana wangu. Ameshikwa na roho ya gari. Italala inje, iko na viti mbili, na kile cha pili sijui ni cha nani."

Akina mama wakasema "Yesuuu!" kwa pamoja. Wakaomba kwa nguvu mpaka Clémence kilemba kikamtoka. Mimi karani nikaandika hitaji langu kwa mkono wangu, upande ule wa mbele, namba kumi na moja. Nilijisikia mwepesi. Nusu saa.

Jumapili, 13 Oktoba

Kile kiti kimeshapata mtu. Bombani wanasema ni mjane wa Mbarara, mweupe, mwenye duka la vitenge. Mimi mwenyewe nimeuliza duka liko wapi.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya ibada wazee watatu wa kanisa wamekuja nyumbani. Nimepika wali na sambaza, dagaa wa kwetu, hawakula. Mkubwa wao akaanza mbali, kwa Ibrahimu na Sara, akafika Ruti.

"Shemasi, ndugu yetu. Hatukatazi mtu gari. Gari ni baraka. Lakini tunauliza: uko nayo moja inasaidia watu. Hii ya pili itasaidia nani?"

"Haitasaidia mtu," akasema Baba Gisèle.

"Bon. Na kile kiti cha pili?"

Aliangalia mikono yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika, nikawa naomba, Bwana, aseme, ni cha mke wangu. Hata kama ni uongo, aseme.

"Kiti cha pili kina mwenyewe," akasema.

"Nani?"

Wamempumzisha ushemasi mpaka atakapoeleza. Walipotoka, mimi nilibaki na birika. Nikasema, "Baba Gisèle, hata mimi huniambii?"

Akasema, "Wewe ulishawaambia. Nilisikia ulivyoniombea."

Birika limeanguka. Chai yote.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua kutwa. Kila mmoja amekula kwa wakati wake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Somo la gari, mpaka Juru, upande mwingine wa kambi, na kurudi. Maneno yake yote: kushoto, kulia, polepole, breki.

Jumamosi, 2 Novemba

Baba Gisèle amebishiwa alfajiri, amebeba maiti ya mzee mmoja kutoka kituo cha afya. Wenye msiba wameiosha Noah, kama ilivyo desturi yetu. Gari likibeba maiti, familia inaliosha kwa maji na majani machungu kabla dereva hajakalia usukani tena. Si uganga, hata mchungaji anakubali. Ni kumwambia dereva: mzigo ulikuwa wetu, tumeushusha, wewe nenda zako.

Wamemaliza, wameaga. Na yeye amechukua kitambaa, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akaanza kusugua kiti cha abiria. Maiti ililala nyuma. Kile cha mbele hakuna aliyekigusa.

Sasa nakumbuka amekuwa akikisugua kiti hicho tangu masika, kila wiki. Nilidhani ni usafi. Mimi mke wake wa miaka ishirini na saba, nilidhani ni usafi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nitaandika yote.

Saa nne hivi mwanamke ameingia uani kwa miguu, na mapacha wadogo, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Kichwani ana dumu la maji, juu ya dumu majani machungu. Ni Miriamu, wa Juru. Mwezi wa nne Baba Gisèle alimbeba binti yake Vanessa, wa miaka sita, kumpeleka hospitali Mbarara. Aliporudi aliniambia maneno mawili, "Mtoto hakufika." Watoto wengi hawafiki. Nilimpa pole, nikampa chakula.

"Mama Gisèle," Miriamu akasema, "gari iko wapi? Nimekuja kuiosha."

Nikamwambia, mama, mlishaosha. Nilisikia mliosha.

"Tuliosha ile ingine. Ile ilimurudisha toka Mbarara. Kwa watu, Noah yenu ilibeba mgonjwa. Sasa gari ya mgonjwa nani anaioshaka?" Akashusha dumu. "Nimesikia kule Juru banasema kiti cha pili ni cha mwanamke wa Mbarara. Nimekuja kuwaambia kiti ni cha nani."

Nilimketisha. Nilimpokea pacha mmoja. Alisimulia akiangalia Noah, si mimi.

Siku ile yeye alikaa nyuma na mapacha wa wiki tatu. Vanessa alikuwa anatapika, akalilia dirisha, kwa hiyo Baba Gisèle akamweka mbele, akakilaza kiti. Aliendesha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka kifuani pa mtoto ili asiteleze. Walipofika kwenye lami likawapita gari jekundu lililo wazi, upepo mtupu. Mtoto akafungua macho.

"Akasema, Baba, ona! Ile gari haina kichwa! Akacheka. Ule mtoto tangu siku tatu hakucheka, Mama Gisèle. Akauliza, nikipona utanibeba mu ile? Baba Gisèle akasema, nitakubeba. Mtoto akasema, apa! Akaapa."

Baada ya Kaberebere, mji mdogo wa njiani, Vanessa alinyamaza. Baba Gisèle akasema bila kugeuka, "Amelala, Mama Vanessa. Amelala vizuri." Akaendelea kuongea na mtoto. Kwamba gari lile litakuwa na redio. Kwamba Vanessa atakaa mbele. Kwamba mvua ikija watalifunika kichwa. Mpaka mlango wa hospitali.

"Alikudanganya," nikasema.

"Hapana, mama. Tulidanganyana." Miriamu alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Mkono wake ulianguka hapa pembeni, niliuona. Mama anajua. Lakini nikawaza, nikilia, huyu mwanaume atasimamisha gari. Na gari ikisimama, mtoto amekufa. Ikiwa inatembea, bado. Basi nikamuacha aendeshe, na yeye akaniacha nisikie. Halafu ningeiosha hii gari namna gani? Kuiosha ni kusema nilijua."

Alianza kuosha. Mlango wa mbele wa kushoto kwanza. Nilikuwa namshikia pacha, siwezi kumsaidia, nasimama tu na aibu yangu. Ndipo Baba Gisèle akaingia kutoka mashine, mwili mzima unga. Alimwona Miriamu, akaliona na dumu, akasimama kwenye mwimo wa mlango wa ua kama mtu aliyekatazwa kuingia kwake.

"Baba Gisèle," Miriamu akasema, bila kuacha kuosha, "nilijua."

Mume wangu alikaa chini pale pale, kwenye matope. Sijawahi kusikia mwanaume akilia namna ile, hata wakati tunakimbia vita kwetu Fizi. Miriamu alimwacha alie, akamaliza kiti, akamaliza mlango, akamimina maji ya mwisho kwenye mkono wa Baba Gisèle, ule wa kushoto. Akasema yale maneno yetu: "Mzigo ulikuwa wetu. Tumeushusha. Nenda zako."

Ijumaa, 15 Novemba

Tumeongea mimi na Baba Gisèle, tukichambua mchele. Amesema basi, yameisha, tununue pickup, wazee wafurahi.

Nikamuuliza, "Na masomo ya gari, yalikuwa ya nini?"

"Nilitaka kuwe na mtu mwingine anayejua njia. Kuna siku watabisha, Mama Gisèle, na mguu wangu utakataa. Unakataa sasa hivi. Kila mara nafika Kaberebere, mkono huu unakwenda kwenye kiti wenyewe." Akauinua, una unga kwenye mistari. "Nilitaka kitu kimoja ambacho mtu hawezi kunibishia. Kisicho na fasi ya kulaza mtu. Siku moja kwa wiki tu, nikae humo niwe si dereva wa wafu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwapia mtoto, halafu nikamdanganya mamaye. Shemasi. Ningeanzia wapi?"

Mimi nilianzia kwenye kikundi, mbele ya wamama ishirini.

Jumatano, 20 Novemba

Nimesimama kwenye maombi, nimefungua upande wa mbele, nimesoma namba kumi na moja kwa sauti, nikaikata kwa kalamu. Nikasema nilimshitaki mume wangu kwa Mungu kabla sijamuuliza yeye mwenyewe. Nikasema kiti cha pili ni cha mtoto aliyekufa, na mama yake amenipa ruhusa kusema.

Nilidhani watalia nami. Wengine wamelia. Clémence amesema, "Mais dada, ni wewe uliandika. Sisi tuliomba tu kile uliandika." Ni kweli. Lakini hakuniangalia usoni, na mjane wa Mbarara hakumtaja, wala duka.

Wazee bado hawajaja kumrudishia ushemasi. Wanasubiri nini, sijui.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua imekata. Tumeng'oa maharage siku tatu, mgongo umekufa. Nimepata kibali changu cha kuendesha. Picha yangu imetoka kama ya mwizi wa kuku. Baba Gisèle amecheka. Kidogo, lakini nimesikia.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeendesha mimi kwenda Mbarara. Tulipofika Kaberebere mkono wake wa kushoto ulikuwa pajani pake, na wa kulia ulikuwa umeushika. Nilipunguza mwendo tu.

Ruti, Asuman ameyapanga yale magari matatu tena, yameoshwa. Celica ya fedha Baba Gisèle hakuiangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye Subaru ya buluu, akagonga bati lake. "Hii itawafaa wote," akasema. Sauti ya kwenye kikao.

Asuman akazungusha tasbihi. "Mzee, wewe unaongea na buluu lakini macho iko kwa nyekundu. Mama, sema wewe. Ipi?"

Nilikwenda kwenye nyekundu. Nikafungua mlango wake wa kushoto, nikakitazama kile kiti. Kidogo, cheusi, kimelala nyuma kidogo. Nikapangusa vumbi kwa kitenge changu, nikafunga mlango.

"Hii," nikasema.

"Mama Gisèle, watu watasema..."

"Walishasema. Na mimi ndiye nilianza. Hii."

Asuman akamwonyesha jinsi ya kukunja paa. Ilikuwa kazi ya mikono miwili na pumzi. Kisha Baba Gisèle akaketi, akanifungulia upande wa pili kwa ndani. "Kaa."

"Siku nyingine. Leo kina mwenyewe," nikamwambia. "Na Noah nani atairudisha, malaika?"

Asuman alicheka mpaka akakohoa.

Basi tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma. Tukapita mjini, tukashika barabara ya Isingiro. Miaka ishirini na saba nimemwona mume wangu kutoka pembeni, kwenye kiti cha abiria, au kutoka mlangoni akiondoka. Sijawahi kumwona kutoka nyuma, peke yake, jua limempiga kwenye upara, shati limejaa upepo kama mto wa pamba. Gari isiyo na kichwa, na ndani yake kichwa kimoja. Mara mkono wake wa kushoto ukanyanyuka. Nikasema, Bwana, si hapa, maana tulikuwa Kaberebere. Haukwenda kwenye kiti. Ulikwenda juu, vidole vimefunguliwa, ukakaa huko kwenye hewa. Mdomo wake ulikuwa unatembea, niliona kwenye kioo chake cha pembeni. Anaongea na mtu. Sikutaka kujua anasema nini.

Baadaye kidogo, mwanaume amesimama ukingoni mwa lami na baiskeli. Nyuma ya baiskeli mwanamke amekaa ubavu, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, kichwa kimelegea. Mwanaume akainua mkono.

Ile nyekundu ikapunguza mwendo. Taa zake za breki zikawaka. Niliona kichwa cha Baba Gisèle kinageuka kwenye kiti cha pili, halafu kwa yule mwanamke, halafu kwenye kiti tena.

Nikawasha taa mara mbili. Nenda.

Hakwenda. Nikapiga honi, ndefu, honi ya aibu kabisa, na nikatoa mkono dirishani: nenda zako! Akaenda.

Nikasimamisha Noah. Mwanaume alikimbilia mlango wa nyuma, amezoea kwamba nyuma ndiko kunakolazwa watu.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Nyuma ni wewe na baiskeli. Mama akae hapa mbele, kwenye dirisha. Kiti hiki kimeoshwa."